Doria Isiyo na Rungu

Watu wa nyumbani wakisikia kwamba baadhi ya jioni nazunguka kwenye njia ya baiskeli kama mlinzi wa kujitolea, swali lao la kwanza huwa lile lile: unabeba nini? Nikiwaambia nabeba pampu, tyubu, spana, taa ya akiba, bandeji na simu, laini inanyamaza kidogo. Mjomba wangu wa Busia alicheka mpaka akakohoa. Doria anayoijua yeye ni ya kijiji: filimbi, rungu, tochi na vijana kumi wenye hasira. "Kwa hiyo mwizi akitokea utamjaza upepo?"

Ana haki ya kucheka. Tumelelewa tukijua kwamba ulinzi ni kazi ya kukamata. Sungusungu wakikesha mpaka alfajiri bila kukamata mtu, asubuhi wanaulizwa walikuwa wamelala wapi. Mimi pia nilijiandikisha nikiwa na picha hiyo kichwani, na sehemu kubwa ya niliyojifunza ni jinsi ya kuitoa.

Njia yenyewe inaitwa Midtown Greenway. Iko Minneapolis, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, na urefu wake ni kilomita 9 hivi. Zamani ilikuwa reli ya kampuni ya Milwaukee Road. Treni zilikuwa zinakata mitaa ya watu, kwa hiyo kati ya 1912 na 1916 reli ikachimbiwa mtaro mrefu, mita sita hivi chini ya usawa wa barabara, na juu yake yakajengwa madaraja ya zege, mtaa baada ya mtaa. Treni zilipopungua, mtaro ukawa makazi ya vichaka na takataka. Wakazi wakadai ugeuzwe njia ya baiskeli na miguu. Kipande cha kwanza kilifunguliwa mwaka 2000, cha pili 2004, na cha mwisho, kinachokaribia Mto Mississippi, 2006. Sehemu kubwa ina njia mbili za baiskeli, ya kwenda na ya kurudi, na ya tatu ya waendao kwa miguu. Usiku inawashwa taa, wakati wa baridi theluji inaondolewa, na haifungwi saa yoyote. Walioipigania, chini ya shirika la wakazi liitwalo Midtown Greenway Coalition, ndio pia walioanzisha doria ya kujitolea.

Naeleza habari ya mtaro kwa sababu kila kitu kinaanzia hapo. Kwa mwenye baiskeli ni raha tupu: hakuna magari, hakuna taa nyekundu, madaraja yanapita juu ya kichwa na wewe unateleza tu. Lakini mtu akihisi anafuatwa, mtaro huo huo unageuka. Hakuna duka la kukimbilia. Kuta ziko pande zote mbili. Rampu ya kutokea, yaani mteremko wa kupandia barabarani, iko mbele, labda madaraja matatu zaidi, na aliye juu barabarani hakuoni wala hakusikii. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, wakati watu wengi wanatoka kazini, kwa hiyo hata anayerudi nyumbani mapema anarudi gizani.

Zamu ya kwanza nilipangwa pamoja na mama mmoja mstaafu ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa mabasi. Marekani kila mtu huitwa jina lake la kwanza, hata bosi, hata mwalimu. Mimi sikuweza. Mtu ana umri wa mama yangu mzazi, nimwiteje kwa jina kama mwenzangu wa darasani? Nikamwita Mama Baiskeli. Alipouliza maana yake nikamweleza, akafurahi, na siku hizi ndivyo anavyojitambulisha hata kwa wengine.

Jambo la kwanza alilonionyesha halikuhusu wezi hata kidogo. Alisimama chini ya daraja, akaniuliza: "Tuko wapi?" Nikasema tuko Greenway. Akatikisa kichwa. Ambulensi haiwezi kuja "Greenway". Dereva wake yuko juu, anajua majina ya mitaa, na kama humwambii mtaa gani unapita juu yako na rampu iliyo karibu iko upande gani, atazunguka huku mgonjwa wako anasubiri. Kwa hiyo ukiwa kwenye mtaro unasoma madaraja kwa mpangilio: Bryant, Lyndale, Nicollet, Chicago, Bloomington. Unajua rampu ipi ni pana ya kuingiza gari na ipi ni ngazi tu. Naamini hilo peke yake, kujua ulipo na kuweza kulisema kwa sentensi moja, limesaidia watu wengi zaidi kuliko rungu lolote. Mpaka leo nikiwa na wageni nawauliza swali hilo hilo, na karibu wote hujibu kama nilivyojibu mimi.

La pili lilikuwa taa. Sheria ya Minnesota inataka baiskeli ya usiku iwe na taa mbele na kiakisi mwanga nyuma, na bado kila zamu tunakutana na watu weusi tii kama usiku wenyewe, yaani nguo nyeusi, baiskeli nyeusi, hakuna taa. Hatuna mamlaka ya kumsimamisha mtu, wala hatutaki. Tunachofanya ni kupita polepole na kuuliza kama anahitaji taa, tunazo za bure kwenye mkoba. Wengi wanakubali. Kuna kundi la pili ambalo watu hawalizungumzii, wenye taa kali kupita kiasi, zinazomulika usoni na kumetameta. Anayekuja mbele yake haoni kitu kwa sekunde kadhaa, na sekunde hizo mtoto anaweza kuwa ameshavuka mstari. Taa inapaswa kuinama kidogo, ielekee ardhini.

Vioo, majani na mashimo tunaripoti kwa wahusika na tunafagia tunavyoweza. Barafu ni hadithi nyingine. Hatari haiko kwenye theluji, kwa kuwa theluji unaiona. Hatari ni maji yanayoyeyuka mchana kutoka kwenye kingo, yakatiririka mpaka njiani, halafu usiku yakaganda kuwa kioo cheusi chini ya madaraja ambako hata taa haifiki vizuri. Hapo ndipo watu huvunjika mikono. Tukikuta mahali pa namna hiyo tunasimama tu, mmoja kila upande, taa zimewashwa, tukiwaambia watu washuke baiskeli. Unaweza kusimama hivyo kwa muda mrefu kwenye baridi ambayo nyumbani huwezi kumweleza mtu akakuelewa. Mjomba angesema hatujafanya kazi usiku huo.

Kando ya mtaro huo kuna Karmel Mall, soko la Wasomali, na jioni akina mama wengi hushuka kutoka huko kunyoosha miguu. Siku moja mmoja wao alinisikia nikizungumza kwenye simu, akaniita kwa Kiswahili safi.

"Kijana, wewe ni wa Kenya?"

"Ndiyo, mama. Busia."

"Mimi nimekaa Eastleigh miaka mingi. Hebu niambie, hawa watu wa baiskeli wanatupigia kelele gani?"

Nikamweleza kwamba ndiyo desturi ya hapa, anayepita nyuma yako hutaja kwamba anakupita upande wa kushoto, ili wewe ubaki kulia. Akanitazama kama mtu anayejaribu kunionea huruma. "Mtu ananipigia kelele 'kushoto' kutoka nyuma, kwa lugha nisiyoijua vizuri, na mimi nimezoea kukaa kushoto tangu nizaliwe. Nitaenda wapi kama si kushoto?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna jibu. Kenya tunakaa kushoto na kupita kulia, kwa hiyo hata mimi, na Kiingereza changu chote, mwaka wa kwanza nilikuwa nashtuka na kuruka upande usiofaa. Waendesha baiskeli wengi wanaamini kwamba wakishapaza sauti wamemaliza wajibu wao, na wakimgonga mtu aliyehamia mbele yao wanasema, "Si nilimwambia!" Nililipeleka suala hilo kikaoni. Sasa tunachowaomba watu ni kupiga kengele mapema, mkiwa mbali bado, kisha kupunguza mwendo mpaka mwenye miguu aonyeshe kwamba amekusikia. Kengele haihitaji mkalimani.

Yule mama nilimuuliza nami swali, kwa heshima, kwa nini wao hutembea wanne au watano sambamba mpaka wanamwagika kwenye njia ya baiskeli, maana hilo ndilo lalamiko kubwa la upande wa pili. Akasema, "Tukitembea mmoja nyuma ya mwingine, wa nyuma anaogopa." Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mtu asogee mstarini bila kujiuliza kwanza anaogopa nini. Suluhisho tulilopata lilikuwa dogo: zamu ya jioni ipite sehemu hiyo mara nyingi zaidi saa wanayotembea, na wa mwisho kwenye msafara apewe kitaa chekundu cha kubana kwenye shungi. Bado hutembea sambamba, ila wawili wawili.

Sasa niseme lile lililo gumu zaidi. Mtaro huu unapita mtaa mmoja tu kaskazini mwa Lake Street. Mei 2020, baada ya polisi kumuua George Floyd, mwanamume mweusi, kwenye kona ya mtaa wa 38 na Chicago, kusini kidogo ya hapo, sehemu za Lake Street ziliteketea, na kituo cha polisi kilichokuwa huko kikachomwa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba akiona kitu cha kutia shaka atapiga simu 911, katika jiji hili hiyo si kauli nyepesi. Nambari hiyo huleta ambulensi na zimamoto, na huleta pia bunduki. Anayepiga hajui kitakachofuata, na anayekuja anafika na picha uliyompa wewe kwenye simu.

Kanuni yetu ni fupi: tunaripoti kitendo, haturipoti sura. "Mtu anakata kufuli ya baiskeli chini ya daraja la Bloomington" ni ripoti. "Kuna kijana mweusi mwenye hudi" si ripoti, hiyo ni hali ya hewa, maana Januari nusu ya jiji ina hudi, yaani sweta yenye kofia, nikiwemo mimi. Kanuni hiyo haikunigusa sana mpaka jioni moja nilipokuwa natokea nyumbani kwenda zamu, kizibao cha kuakisi mwanga kikiwa bado kwenye mkoba. Nilikuwa nimetangulia, nikawa nazunguka polepole karibu na rampu nikimsubiri Mama Baiskeli. Alipofika nikavaa kizibao, tukaanza safari. Hatukufika mbali, mwanamke mmoja akatusimamisha akiwa na wasiwasi wa kweli usoni. Alitaka kutuonya: kuna mwanamume mweusi mwenye baiskeli anazungukazunguka kule kwenye rampu, anaonekana kama anavizia mtu.

Mama Baiskeli alinitazama. Mimi nikamtazama yule mwanamke. Nikamwambia, "Asante kwa kutujulisha. Yule alikuwa mimi, namsubiri mwenzangu." Alikuwa mwekundu kama nyanya, akaomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na nilimhurumia kwa sababu hofu yake haikuwa ya kujifanya. Ukitembea peke yako kwenye mtaro gizani una haki ya kuogopa. Lakini nilitafakari usiku ule: mtu yule yule, baiskeli ile ile, dakika kumi tu zimepita, na kilichonigeuza kutoka jambazi hadi mlinzi ni kipande cha nailoni ya manjano. Je, kijana asiye na kizibao?

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaotaka doria iwe ya kupiga picha watu na kuzisambaza kwenye makundi ya simu. Kila mara wanaposema "tumwanike," nakumbuka kwamba picha ya kwanza ingekuwa yangu. Nyumbani tunajua habari hii kwa njia yetu. Sungusungu wakianza vizuri wanalinda. Wakishaonja mamlaka wanaanza kuuliza umetoka wapi na unakwenda wapi, na mgeni anajikuta mwizi kwa sababu hakuna anayemjua.

Chini ya madaraja wamelala watu wasio na nyumba, hasa miezi ambayo baridi haijawa ya kuua. Kuna wapitaji wanaotaka tuwaondoe. Hiyo si kazi yetu, na sioni kama ingemsaidia yeyote: mtu akifukuzwa daraja hili analala linalofuata, isipokuwa sasa amekasirika. Tunawasalimu kutoka mbali, hatuwamuliki usoni, tunapita. Salamu hiyo ina faida ambayo sikuitarajia. Aliyelala pale usiku kucha anajua mengi kuliko sisi tunaopita mara moja: nani kaanguka, wapi pana vioo, kundi gani la watoto lilikuwa linarusha mawe kutoka darajani. Wanatuambia.

Na ni mmoja wao aliyetusimamisha usiku fulani wa masika, akionyesha mwenzake aliyekuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa njia. Baiskeli zilikuwa zinapita. Mama Baiskeli alipiga magoti, akamwita kwa sauti kubwa, akamsugua kifuani kwa vifundo vya vidole. Hakuitika, midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Mimi nilikuwa kwenye simu nikitaja daraja na rampu. Yeye akatoa naloksoni, dawa ya kupuliza puani ambayo humzindua aliyezidiwa na dawa za kulevya za jamii ya afyuni, akapuliza, akaanza kumpulizia pumzi kwa kinyago cha plastiki. Akapuliza ya pili. Mtu akavuta hewa kwa nguvu, akaamka akiwa amekasirika, kama wanavyoamka wengi. Alitaka kuondoka. Tukambembeleza abaki, maana nguvu ya naloksoni inaweza kwisha kabla ya ile ya sumu aliyotumia, na hapo pumzi inaweza kupotea tena akiwa peke yake. Rafiki yake ndiye aliyemshawishi. Ambulensi ilishukia kwenye rampu sahihi.

Siku hizi shida inayogawa kikao chetu ni baiskeli za umeme. Kisheria, aina ya kwanza na ya pili mota yake inapaswa kuacha kusukuma ikifika kilomita 32 kwa saa, na aina ya tatu 45. Mtembea kwa miguu ambaye hakusikia chochote, maana mashine hizi hazina mlio, anaona upepo tu umempita. Mama Baiskeli anataka vibao vya mwendo vyenye taa na alama kubwa ardhini. Wengine wanataka doria isimame na kipima mwendo. Mimi napinga hilo la mwisho kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nawajua wanaokwenda kasi. Wengi wao ni wahamiaji wanaobeba chakula kwa oda za simu. Mmoja aliteleza kwenye barafu mbele yetu, goti likapasuka, na tulipokuwa tunamfunga bandeji macho yake hayakuwa kwenye goti, yalikuwa kwenye simu, akihesabu dakika. Alituambia kwamba akichelewa sana, oda zinapungua. Huyo ni bodaboda wa kwetu kabisa, isipokuwa amevaa glavu nzito. Mwendo wake umepangwa na mtu aliye mbali, ambaye hajawahi kupita chini ya daraja la Chicago.

Lakini yule mama wa Eastleigh naye ana mgongo wake wa kulinda, na hataridhika nikimweleza habari za oda. Nimependekeza tuanze na kengele za bure na taa za bure kwa wapeleka chakula, tuzungumze nao kwenye migahawa wanakosubiri oda badala ya kuwasimamisha njiani. Mama Baiskeli anasema ni wazo zuri na halitoshi, bado anataka vibao. Kikao kijacho ajenda ni hiyo hiyo. Tumemwalika na yule kijana wa goti, aje aseme mwenyewe, kama hatakuwa na oda.